Reli Tatu za Dar es Salaam Juu ya Meza Moja

Katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, hapa Tabata, kuna meza yenye urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122, ambao ndio ukubwa wa ubao mmoja mzima wa plaiwudi kama unavyouzwa dukani. Juu yake nimejenga, kwa muda wa miaka sita sasa, kipande kidogo cha Dar es Salaam chenye reli, mataruma (vile vipande vinavyolala chini ya reli na kuzishika), kokoto, stesheni ndogo, vibanda vya mama lishe na treni zinazotembea kwa umeme wa volti 12. Wageni wanaoiona kwa mara ya kwanza huuliza niliinunua wapi. Huwa nawaeleza kwamba sijawahi kukuta duka linalouza treni za mfano za Reli ya Kati wala za TAZARA, na kwa sababu hiyo karibu kila behewa lililopo pale limetengenezwa kwa mikono, kwa vifaa vinavyopatikana Kariakoo, Gerezani, Keko na soko la samaki la Feri. Nimeombwa mara nyingi nieleze ninavyofanya, na leo nitaeleza kwa kirefu, nikianza na hesabu, kwa kuwa bila hesabu hiyo meza yangu isingekuwa na maana yoyote.

Jiji letu lina reli za upana wa aina tatu, zote zikianzia hapa na zote zikifanya kazi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ina geji ya milimita 1000, yaani mita moja kamili kati ya chuma kimoja cha reli na kingine, ukipima ndani kwa ndani. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kukabidhiwa rasmi Julai 1976, ina geji ya milimita 1067. Reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, ina geji ya milimita 1435. Tofauti kati ya Reli ya Kati na TAZARA ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya mzigo uhamishwe kutoka behewa moja hadi jingine pale Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa linakutana na TAZARA.

Sasa gawanya vipimo hivyo kwa 87, ambayo ni skeli inayotumiwa zaidi duniani na wajenzi wa reli za mfano na kujulikana kwa herufi HO. SGR inakuwa milimita 16.5, ambayo ndiyo reli ya kawaida kabisa ya skeli hiyo. TAZARA inakuwa milimita 12.26. Reli ya Kati inakuwa milimita 11.49. Kampuni ya Peco ya Uingereza hutengeneza reli ya milimita 12 kwa ajili ya wanaojenga reli za mita moja za Uswisi, na Wajapani, ambao reli zao nyingi zina geji ya milimita 1067 sawasawa na TAZARA, nao hutumia reli ya mfano ya milimita 12 katika skeli hii. Kwa hiyo reli moja ya mfano inatosha kwa zote mbili: ni nyembamba kwa robo ya milimita upande wa TAZARA, na ni pana kwa nusu milimita upande wa Reli ya Kati. Siku nilipoimaliza hesabu hii nilisimama na kuirudia mara tatu kwenye karatasi, kwa sababu ilimaanisha kwamba reli zote tatu za Dar es Salaam zinaweza kukaa kwenye meza moja kwa kununua reli za aina mbili tu.

Ipo hatari, hata hivyo. Mtazamaji asipoona tofauti ya geji, ataona reli mbili zinazofanana, na hapo ukweli wa mji utakuwa umepotea. Nilichofanya ni kuitafuta tofauti mahali pengine, nikaikuta kwenye mataruma. TAZARA imelazwa juu ya mataruma ya zege, na Reli ya Kati kwa sehemu kubwa ina mataruma ya chuma, yaliyokunjwa pembeni kama sahani iliyofunikwa na kuota kutu ya rangi ya kahawa. Ukikata mataruma kwa umbo sahihi na kuyapaka rangi sahihi, mtu aliyewahi kuvuka reli kwa miguu pale Buguruni atajua mara moja yuko wapi, bila kupima chochote. Pia sikuziunganisha kabisa reli hizo mbili, ingawa mabehewa yangu ya TAZARA yangeweza kupita kwenye Reli ya Kati bila kikwazo. Kwenye meza yangu, kama ilivyo Kidatu, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

Mapenzi yangu kwa jambo hili yalianzia Buguruni kwa Mnyamani, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, katikati ya miaka ya 1980. Mjomba wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo za Reli ya Kati, na nyumba yao ilikuwa karibu na reli kiasi kwamba vikombe vilitikisika kabatini kila treni ilipopita. Alininunulia daftari la kurasa 48 na kunifundisha kuandika namba: kwanza namba ya kichwa cha treni, kisha idadi ya mabehewa, kisha aina zake, kisha saa. Aliporudi safarini baada ya siku tatu au nne, alikaa kwenye mkeka uani na kunisubiri.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Haya, soma. Nimekosa treni ngapi?”

Nilimsomea ukurasa mmoja baada ya mwingine, naye alinisahihisha. Aliniambia kwamba vichwa vyenye namba zinazoanza na 88 vilitoka Montreal, Canada, na kwamba kabla ya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, reli za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa shirika moja. Alinionyesha behewa moja la mizigo lililokuwa limesimama muda mrefu kwenye njia ya pembeni, ambalo rangi yake ya juu ilikuwa imechujuka hadi herufi za zamani za Reli za Afrika Mashariki zikaanza kuchungulia kutoka chini. Mara mbili alinichukua hadi stesheni ya TAZARA, penye ukumbi ule mkubwa wenye dari la juu sana, tukasimama ukingoni mwa jukwaa tukisubiri kichwa kimoja cha zile U30C ambazo ni za usanifu wa General Electric wa Marekani na ziliundwa Ujerumani na Krupp. Kilipoanza kuvuta niliusikia mtetemo kwenye nyayo kabla ya kuusikia masikioni. Vile vichwa vya kwanza vya Kichina, DFH2, ambavyo nguvu ya injini hufikishwa kwenye magurudumu kwa mafuta badala ya mota za umeme, vilikuwa na mlio tofauti kabisa, wa kupanda polepole bila kukatika. Hadi leo nikifumba macho navitofautisha.

Madaftari yale ninayo manne. Yamebaki kuwa nyaraka zangu za kwanza za ujenzi, lakini yamenifundisha pia jambo moja ambalo nataka kila anayeanza alijue mapema. Behewa langu la kwanza la mfano nililijenga kwa kumbukumbu. Nilikuwa na hakika kabisa kuhusu umbo lake, kwa kuwa ni lile behewa la mizigo lililofunikwa ambalo nililitazama karibu kila siku ya utoto wangu. Nilipolimaliza na kuliweka kwenye reli, lilionekana kama ghorofa. Nilipopata ruhusa ya kwenda kupima behewa la kweli la aina ile, nikakuta kwamba nimezidisha kimo chake kwa karibu nusu mita, na mlango nimeufanya mwembamba mno. Kosa lilikuwa la mtoto wa miaka tisa, ambaye alikuwa akilitazama kutoka chini ya tuta la reli, na jicho lake liliupima ukuta wa chuma kwa kimo chake mwenyewe. Behewa hilo sikulitupa, nimelihifadhi rafuni kando ya madaftari.

Tangu hapo sijengi kitu ambacho sijakipima au kukipiga picha kwa namna inayopimika. Namna yenyewe ni rahisi. Tafuta fimbo ya mita moja, ipake rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita kumi, isimamishe karibu na ukuta wa behewa, kisha simama katikati ya behewa kwa mbali uwezavyo na piga picha ukiwa umeielekeza kamera moja kwa moja. Baadaye, ukiichapisha picha hiyo au kuikuza kwenye kompyuta, fimbo itakupa vipimo vyote ambavyo hukuvichukua. Pima kwa tepu vitu vitatu tu vilivyo muhimu: urefu wa mwili wa behewa, umbali kati ya vitovu vya magurudumu, na kimo cha sakafu kutoka juu ya reli. Hivyo vitatu vikiwa sahihi, makosa mengine yanasameheka. Na usiende kupima wala kupiga picha bila ruhusa. Reli ni eneo la usalama, njia inayoonekana kutotumika inaweza kupitisha treni dakika yoyote, na mwenye kamera asiyejulikana huwatia wasiwasi walinzi kwa haki kabisa. Mimi hujitambulisha kwa stesheni masta, nikamwonyesha picha za meza yangu na kueleza ninachotaka. Baadhi wamenikatalia na nimeondoka kwa heshima. Wengine wamenipa mfanyakazi wa kunisindikiza, na mara mbili mfanyakazi huyo ndiye aliyeishia kushika ncha ya pili ya tepu na kunieleza mambo ambayo hayamo kwenye picha yoyote.

Kumbuka pia kwamba milimita moja juu ya meza ni sentimita 8.7 barabarani. Ukikosea kwa nusu milimita, umesogeza mlango wa kweli kwa upana wa vidole viwili, na jicho la mtu aliyefanya kazi relini litaona.

Kuhusu kujenga behewa lenyewe, nilihangaika sana mwanzoni kutafuta karatasi za plastiki ambazo wajenzi wa Ulaya huzinunua kwenye maduka yao. Baadaye nikagundua kwamba watengeneza mabango wa hapa mjini hutupa kila siku vipande vya ubao mwepesi wa plastiki wa unene wa milimita tatu na wa milimita tano, pamoja na vipande vya perspeksi, ambavyo kwa kazi hii vinatosha na kubaki. Ubao ule mwepesi hukatika kwa kisu chenye makali, na hupokea supaglu vizuri. Kwa kuta zenye mbavu za chuma, kama zile za mabehewa ya mizigo, nakata ukuta kutoka kwenye kadi za plastiki za zamani, za benki au za simu, kisha nabandika mbavu moja moja. Kazi ya mbavu inachosha, na hakuna njia ya mkato. Usijaribu kuzichora kwa rangi, kwa kuwa behewa la kweli hujulikana kwa vivuli vya mbavu zake jua linapokuwa kali, na kivuli cha kuchora hakisogei.

Behewa jepesi huanguka kwenye kona. Wenye chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani waliweka kanuni ya uzito ambayo mimi huifuata: behewa la mfano lenye urefu wa sentimita 10 katika skeli hii linafaa kuwa na gramu 85 hivi. Uzito huo naupata kwa risasi za nyavu zinazouzwa na wauza zana za uvuvi karibu na Feri, ambazo ni ndogo na hujaza nafasi iliyo chini ya sakafu vizuri. Hapa nina onyo la dhati. Usizibandike risasi hizo kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi hiyo hushambuliana na madini ya risasi polepole, mchanganyiko unavimba, na baada ya mwaka mmoja au miwili mwili wa behewa unapasuka kutoka ndani. Nilipoteza mabehewa matatu kwa namna hiyo kabla sijaelewa sababu. Tumia gundi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa, na kila mara nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika risasi, kwa kuwa ni sumu. Watoto wasiziguse kabisa.

Meza yangu ya sasa ni ya pili. Ya kwanza niliijenga kwa mbao za msonobari zilizokuwa hazijakauka vizuri, nikaiweka moja kwa moja sakafuni, na masika ya kwanza ilipinda kiasi cha kuacha bonde la milimita nane katikati ya stesheni. Kabla sijaamua nifanye nini, mchwa walikwisha kuingia kwenye mguu mmoja wa nyuma na kupanda hadi kwenye plaiwudi. Fremu ya meza ya sasa ilitengenezwa na seremala wa Keko kwa mninga uliokaa ghalani zaidi ya mwaka mmoja. Iligharimu fedha nyingi kuliko nilivyopenda, lakini miaka sita imepita na haijasogea. Plaiwudi niliipaka vanishi pande zote mbili na kingo zote nne, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu kwa upande mwingine na kujikunja. Ncha za miguu zimepakwa oili chafu, na kila mguu unasimama ndani ya kopo lenye oili kidogo. Huenda si maridadi, ila mchwa hawajapanda.

Unyevu na chumvi ya hewa ya pwani ndiyo adui wa kweli wa treni za mfano katika mji huu, na ni jambo ambalo hutalisoma katika maelekezo yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi. Nunua reli zilizotengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Zina rangi ya fedha na ni ghali kidogo, lakini zikifubaa bado hupitisha umeme. Reli za chuma zitaota kutu kabla hujamaliza kulaza kokoto. Usizisugue kwa msasa, kwa sababu msasa huacha mikwaruzo ambayo uchafu hujificha humo, na kila usafishaji unaofuata unakuwa mgumu zaidi. Kitambaa cha pamba kilicholowanishwa kwa spiriti kinatosha, mara moja kwa wiki wakati wa masika na vuli, na mara moja kwa wiki mbili wakati wa kiangazi.

Kwa upande wa umeme, nitasema yale tu ambayo yamenisaidia. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Kila kipande cha reli kipewe waya wake mwembamba, uliolehemiwa upande wa nje wa reli ambako hauonekani, na nyaya hizo zote zishuke kwenye nyaya mbili nene zinazopita chini ya meza kutoka mwisho hadi mwisho, nyekundu na nyeusi. Safisha chuma kwanza, pasha moto reli badala ya kupasha ile risasi ya kulehemu, na ondoa pasi mara tu risasi inapotiririka, la sivyo mataruma ya plastiki yatayeyuka. Kisha, na hili naliona kuwa la thamani kuliko kifaa chochote nilichonunua, unganisha balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, kwenye waya mmoja kati ya kidhibiti mwendo na reli. Treni ikitembea kawaida balbu haiwaki, au huwaka kwa mbali sana. Behewa likianguka na kusababisha shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote, inazuia umeme usizidi ampea moja na robo tatu hivi, na wewe unajua papo hapo kwamba kuna tatizo. Balbu hiyo inapatikana kwa bei ndogo kwenye duka lolote la vipuri, na imenilindia mota nyingi. Chanzo changu cha umeme ni betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola, yenye fyuzi karibu kabisa na ncha yake, kwa hiyo umeme wa mtaani ukikatika treni huendelea na safari.

Kokoto zilinichukua mwezi mzima. Nilianza na mchanga wa pwani uliochekechwa, ukanisikitisha, kwa sababu una chumvi inayokula reli na chembe zake ni za mviringo na za rangi ya krimu, ambayo si rangi ya reli yoyote ya mji huu. Kokoto za reli ni za kuvunjwa, zina kona, na hushikana. Nilikwenda kwa wauza vifaa vya ujenzi, nikaomba vumbi linalobaki chini ya lundo la kokoto ngumu za Lugoba, nikalichekecha mara mbili: kwanza kwa chujio la chai ili kuondoa makubwa, kisha kwa kitambaa cha neti laini ili kuondoa unga. Kilichobaki katikati nilikiosha kwa maji ya bomba mara tano na kukianika. Ukilaza kokoto hizo kati ya mataruma kwa brashi ndogo, zinyunyizie kwanza maji yenye tone la sabuni ya maji, ndipo udondoshe gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Ukianza na gundi kabla ya maji ya sabuni, itajikusanya juu kama matone ya mvua kwenye jani la mgomba, na kokoto zako zitahama. Kwa Reli ya Kati nilichanganya pia udongo mwekundu kidogo, hasa karibu na vivuko vya waenda kwa miguu, ambako nyayo huuleta kutoka vichochoroni.

Rangi zichanganye na nyeupe kidogo kabla ya kupaka, hata kama una rangi ile ile iliyotumika kwenye behewa la kweli, kwa sababu kitu kidogo tunachokitazama kwa karibu huonekana chenye rangi nzito kuliko kikubwa kilicho mbali. Miti nimeifanya kwa mizizi mikavu na sifongo iliyosagwa, na minazi kwa waya na karatasi, na sina ushauri mkubwa hapo zaidi ya kusema kwamba mnazi ulionyooka kabisa hauaminiki.

Wengi huniuliza kwa nini sina kichwa cha mvuke mezani. Natamani kuwa nacho. Nilikwenda Nairobi kwenye jumba la makumbusho ya reli, nikaziona mbili kati ya zile mashine 34 za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, ambazo Beyer Peacock wa Manchester walizitengeneza katikati ya miaka ya 1950 na ambazo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja inaitwa Gelai, na nyingine Shengena, milima yote miwili ikiwa ya kwetu Tanzania, na nilifarijika kuyakuta majina hayo pale. Lakini zile zilikuwa mashine za njia kuu ya kutoka Mombasa, zenye uzito wa zaidi ya tani 250, na kuiweka moja Buguruni kungekuwa uongo mzuri wa kutazama. Zaidi ya hayo, urefu wake katika skeli hii ni karibu sentimita 36, wakati kona zangu za Reli ya Kati zina nusu kipenyo cha sentimita 45 tu.

Mwaka 2012 treni ya abiria wa mjini ilipoanza, ile ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, niliipanda kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja ili niweze kuchungulia dirishani. Nilikuwa nikishuka Stesheni na daftari limejaa: kibanda cha mlinzi wa kivuko, mabati yaliyofungwa kwa waya, mstari wa nguo zilizoanikwa mita mbili kutoka kwenye reli, mahali ambapo ukuta una mlango uliotobolewa na watu wenyewe. Sehemu kubwa ya mandhari ya meza yangu inatoka katika safari hizo. Baadhi ya niliyoyaandika hayapo tena, kwa kuwa SGR ilihitaji nafasi, na daraja lake refu linapita sasa juu ya mitaa ambayo zamani ilitazama reli ya chini peke yake.

Sehemu ya SGR ndiyo ninayoijenga hivi sasa. Nimeilaza juu ya nguzo, kimo cha sentimita 11 kutoka kwenye Reli ya Kati, ikikatiza meza kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mabehewa yake marefu yangehitaji kona pana kuliko meza yenyewe. Kichwa cha Mchongoko, kama wananchi walivyokibatiza, nimekichonga kwa tabaka za ule ubao wa mabango zilizobandikwa pamoja na kujazwa puti ya magari, na hiki kilichopo ni cha tatu. Viwili vya kwanza vilikuwa na pua fupi mno, kwa kuwa nilizifuata picha zilizopigwa kutoka mbele, na picha ya mbele huficha urefu wa pua. Kilichonisaidia ni kusimama jukwaani wakati treni imesimama na kuitazama kwa ubavu, nikihesabu madirisha na kuyalinganisha na mteremko wa pua.

Mwendo nao una hesabu yake. Treni ya SGR inayokwenda kilomita 160 kwa saa inapaswa kusafiri sentimita 51 kwa sekunde juu ya meza, yaani kuimaliza meza nzima kwa chini ya sekunde tano. Treni ya mizigo ya Reli ya Kati inayokwenda kilomita 50 kwa saa hutumia sekunde 15. Nimeziendesha zote mbili pamoja, moja juu na nyingine chini, nikiwa na saa mkononi, na nilipozipata kwa usahihi nilimwita mke wangu aje atazame.

Kilichobaki ni nguzo za umeme. SGR hutumia umeme wa kilovolti 25 unaopita kwenye waya juu ya reli, na mimi sitaupitisha umeme kwenye waya wangu, lakini nguzo lazima zikae kwa umbali wa kweli. Kuzipima kwa tepu hakuwezekani wala hakuruhusiwi, kwa hiyo nimepanga kukata tiketi ya Morogoro, kukaa dirishani, na kuhesabu nguzo kwa dakika moja kamili mara treni itakaposhika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo treni hupita mita 2,667 katika dakika moja, na kiasi hicho nikikigawanya kwa idadi ya nguzo nitapata nafasi iliyopo kati ya nguzo na nguzo. Nitahesabu mara tatu wakati wa kwenda, na mara tatu wakati wa kurudi, upande uleule wa reli. Tuseme nafasi itakuwa mita 60: mezani hiyo ni sentimita 69, na daraja langu lote litachukua nguzo nne tu. Nimekwisha kununua waya wa shaba wa kuzitengenezea, na daftari la kurasa 48 liko tayari kwenye begi.